Kazi ya Mwongozaji wa Michezo ya Kuigiza

Kaeni vizuri, katibu wa kikundi ashike kalamu, tuanze somo.

Leo tutazungumza juu ya mwongozaji wa michezo ya kuigiza. Huyu ni mtu gani? Utazamapo mchezo jukwaani au katika televisheni, yeye humwoni. Lakini ndiye aliyeamua nani aigize nini, nani asimame wapi, sauti ipande wapi, na wapi pawe kimya.

Usidhani kazi hii ni ngeni katika nchi ya Wasukuma. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Pande mbili hucheza wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ningi, yaani manju, hana njia ya kuwazuia watazamaji. Wakichoka naye, huhamia upande wa pili kwa miguu yao wenyewe. Kwa hiyo yampasa ajue watu wana jambo gani mioyoni. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya mwongozaji.

Sasa tutazame maisha ya mtu mmoja aliyeifanya kazi hii kwa elimu ya juu. Huyo ni Profesa Amandina Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944: mwandishi, mwigizaji na mwongozaji. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako masomo ya sanaa za maonyesho yalianza mwaka 1967. Mwaka 1985 alimaliza shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Utafiti wake ulihusu siasa na michezo ya kuigiza nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha.

Kumbuka kwamba Zanzibar ilipata televisheni katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Basi kwa miaka mingi mwongozaji wa Bara alitegemea jukwaa, redio, na sinema chache.

Mwaka 1980 kilitoka kitabu cha mchezo wake, Hawala ya Fedha. Aliutunga kutokana na hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal. Katika hadithi hiyo mtu wa Dakar anapelekewa hawala kutoka Paris, lakini hana kitambulisho, na kila ofisi inamtuma ofisi nyingine. Je, nani kati yenu hajapata kuambiwa, "Njoo kesho"? Ndiyo sababu hadithi ya Senegal iliweza kusema na Watanzania.

Lakini jambo kubwa zaidi kwetu lilitokea jirani. Ukipita Malampaka kwa treni kwenda Mwanza, utafika Malya, wilaya ya Kwimba. Mwaka 1982 na 1983 Bibi Lihamba alifanya kazi huko pamoja na Penina Mlama na Eberhard Chambulikazi. Hawakufika na mchezo uliokwisha andikwa. Kwanza walikaa na wanakijiji, wakauliza ni mambo gani yanayowasumbua. Mambo ya vijana yakajitokeza. Ndipo wanakijiji wenyewe wakayafanya kuwa mchezo, kwa ngoma na nyimbo wanazozijua. Baada ya mchezo walijadiliana: tufanye nini?

Tazama tofauti yake. Mgeni akisimama kukuhubiria, utaitikia, "Ndiyo, bwana," kisha utakwenda zako. Lakini ukimwona jirani yako akiigiza jambo la nyumbani kwako, huwezi kusema hulijui.

Mwaka 1996 Bibi Lihamba na Bibi Mlama walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitafuta wenyewe mambo yanayokatiza masomo yao, wakayaigiza mbele ya wenzao na walimu. Baadaye shirika la FAWE liliupeleka mpango huo katika nchi nyingine za Afrika.

Bibi Lihamba mwenyewe aliigiza pia katika sinema. Katika Maangamizi yeye ni Samehe, mwanamke aliyelazwa hospitali kwa maradhi ya akili. Sinema hiyo ilipelekwa Marekani mwaka 2001 kushindania tuzo ya Oscar, ikawa ya kwanza kupelekwa kwa jina la Tanzania.

Wako wazazi wasemao kwamba michezo ni uhuni, na kwamba binti anayesimama mbele za watu ataharibika. Wazazi hao wana hofu ya kweli, wala tusiwacheke. Lakini tuwaulize: msichana asiyejua kusema mbele ya watu, siku atakapotendewa ubaya njiani akienda shule, atamwambia nani, na kwa maneno gani? Mwongozaji mwema humzoeza mtu kusema ukweli hadharani. Mkutanoni huenda msichana akanyamaza kwa kuwaheshimu wazee, lakini katika mchezo ana ruhusa ya kusema.

Basi, kikundi kinachotaka kuanza kisingoje kamera wala jumba. Ulizeni kwanza, igizeni baadaye, na msimalize mchezo bila mazungumzo.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Ni jambo gani kijijini kwenu ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema mkutanoni?

2. Nani anafaa kuliigiza, na nani lazima awepo kulitazama?

3. Manju wa kwenu anaweza kusaidia kwa njia gani?

Katibu aandike majibu.