Mtu wetu akikosea kwa ulimi
Mazungumzo na familia zilizohama pamoja na viongozi wao

 

Leo tutazungumza juu ya mpira. Wengine mtashangaa na kusema kwamba watu waliokimbia makwao wana mambo mazito kuliko mpira. Mna haki. Lakini tumeuchagua kwa sababu moja. Tukianza na maneno mabaya yanayosemwa hapa kwetu, kila mmoja wetu atauliza kwanza msemaji ni wa kabila gani, halafu ndipo aamue kama neno ni baya. Kwa hiyo twende kwanza mbali, mahali ambapo hatuna ndugu wala adui, tutazame kwa utulivu. Kisha tutarudi nyumbani.

Jambo lilivyotokea

Vijana wanaotazama ligi ya Uingereza katika vyumba vya video wanazijua Liverpool na Manchester United, na wanajua jinsi mashabiki wa timu hizo wasivyopatana. Tarehe 15 Oktoba 2011 timu hizo zilikutana Anfield, kwenye uwanja wa Liverpool, na mechi ikaisha 1-1. Katika kipindi cha pili wachezaji wawili walijibizana kwa Kihispania karibu na goli. Mmoja alikuwa Luis Suárez wa Liverpool, mtu wa Uruguay. Mwingine alikuwa Patrice Evra wa Manchester United, Mfaransa aliyezaliwa Dakar, Senegal. Evra alilalamika kwamba Suárez alimtukana kwa ajili ya rangi yake.

Chama cha Soka cha Uingereza kiliweka jopo la watu 3. Jopo lilisikiliza pande zote mbili, likatazama picha za video, na likawauliza wataalamu wanaojua Kihispania cha Uruguay. Suárez alikubali kwamba alitamka neno la Kihispania lenye maana ya "mweusi", lakini alisema ni mara moja tu, na kwamba kwao ni neno la kirafiki. Jopo liliona ushahidi wa Evra ndio wa kuaminika. Liliamua kwamba neno hilo lilitamkwa mara 7, tena katikati ya ugomvi. Tarehe 20 Desemba 2011 Suárez alifungiwa mechi 8 na kutozwa faini ya pauni 40,000. Mwisho wa mwezi huo jopo lilitoa maelezo yake yote, kurasa 115.

Jinsi alivyotetewa

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapo ndipo penye somo letu.

Siku iliyofuata hukumu, tarehe 21 Desemba, Liverpool walicheza Wigan. Wachezaji walipokuwa wakipasha misuli moto, walivaa fulana zenye picha ya Suárez. Hata Glen Johnson, mchezaji mweusi wa Liverpool, aliivaa. Kurasa za maelezo ya hukumu zilikuwa hazijatolewa bado. Fulana zilitangulia, maelezo yakaja baadaye.

Klabu na mashabiki wengi walitoa hoja zao. Tuzitaje nne.

Ya kwanza: "Tunamjua. Babu yake mwenyewe alikuwa mweusi. Hawezi kuwa mbaguzi."

Ya pili: "Kwao neno hilo si tusi. Ninyi hamjui lugha yao."

Ya tatu: "Mlalamikaji si mtu wa kuaminiwa."

Ya nne: "Waamuzi wanawapendelea wapinzani wetu."

Tusiwacheke mashabiki hao. Kumtetea mtu wako si dhambi. Mtu akishtakiwa anastahili kusikilizwa, na Suárez alisikilizwa. Lakini tazameni vizuri hoja hizo nne. Hakuna hata moja inayouliza: je, yule aliyeambiwa neno lile aliumia?

Juu ya lugha, wataalamu walieleza jambo ambalo hata sisi tunalijua. Neno moja linaweza kuwa la upendo kati ya marafiki na likawa jiwe kati ya wagomvi. Hapa kwetu rafiki anaweza kumwita mwenzake "mweusi" au "mfupi", wakacheka pamoja. Neno hilo hilo likitupwa wakati wa ugomvi, pamoja na jicho kali, halichekeshi tena. Maana ya neno haikai katika kamusi peke yake. Inakaa pia katika saa lilipotamkwa na mahali lilipoangukia.

Juu ya babu mweusi, kuna jambo kubwa zaidi. Evra mwenyewe aliliambia jopo kwamba hamwoni Suárez kuwa mbaguzi wa rangi. Alichokilalamikia ni maneno aliyoambiwa siku ile. Kumbe mtu anaweza kuwa si mbaguzi moyoni, na bado akatamka neno la ubaguzi. Mashabiki walitetea moyo wa mtu wao, wakati swali lilikuwa juu ya kinywa chake.

Gharama yake

Wazee walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Liverpool hawakukata rufaa, lakini ugomvi haukuisha. Tarehe 28 Januari 2012 Evra alirudi Anfield, na mashabiki wakamzomea kila alipogusa mpira. Yeye ndiye aliyelalamika, na yeye ndiye aliyezomewa. Baadaye alisimulia kwamba alipokea barua za kumtishia maisha pamoja na familia yake, hata akahitaji walinzi.

Tarehe 11 Februari 2012 timu zilikutana tena Old Trafford. Wachezaji walipopeana mikono kabla ya mechi, Suárez alimpita Evra bila kumpa mkono. Dunia nzima iliona. Kesho yake Suárez aliomba msamaha kwa kutompa mkono, na kocha wake Kenny Dalglish naye akaomba msamaha kwa mwenendo wake. Miezi 4 ilikuwa imepita tangu neno lile litamkwe.

Wengine walichukua muda mrefu zaidi. Jamie Carragher alikuwa mmoja wa wakubwa katika timu ile ya Liverpool. Mnamo Oktoba 2019, miaka karibu 8 baadaye, aliketi na Evra mbele ya televisheni akamwomba msamaha kwa ajili ya fulana zile. Alikiri kwamba walikosea sana, na kwamba labda yeye alikosa ujasiri wa kukataa kuivaa. Baadaye Evra alieleza kwamba klabu yenyewe ilimwandikia barua ya kumwomba msamaha.

Ndugu zetu, hebu fikirini. Kusema "tumekosea" ni neno moja tu, na neno hilo lilichukua miaka 8 kwa watu wenye nyumba nzuri na mishahara mikubwa, ambao hakuna aliyewachomea kijiji. Sisi tuliopoteza mashamba na ndugu, je, litatuchukua miaka mingapi?

Turudi nyumbani

Mnajua foleni ya maji ilivyo. Madumu ni mengi, bomba ni moja, jua ni kali. Kijana anamsukuma mama mmoja, mama anamgombeza, na kijana anamjibu: "Rudini kwenu, nyoka ninyi!" Mama anaondoka na dumu lake tupu.

Jioni jamaa za kijana wanakutana. Mmoja anasema: "Huyu mtoto hana ukabila, dada yake ameolewa kwao." Mwingine anasema: "Alikuwa anatania tu." Wa tatu anasema: "Mama yule ni mgomvi, anajulikana." Wa nne anasema: "Tukimpeleka kwa mkuu wa bloki hatutapata haki, mkuu ni mtu wao."

Je, hamzisikii? Ni hoja zile zile nne za mashabiki wa Liverpool. Nasi tumevaa fulana.

Lakini hapa kwetu mchezo si wa dakika 90. Nchini Rwanda, mwaka 1994, redio iliwaita watu "mende" kabla na wakati wa mauaji. Wengi waliosikia walikuwa watu wa kawaida, walicheka au walinyamaza. Mtu akishazoea kuitwa mdudu au nyoka, anayemwua haoni tena kwamba ameua mtu. Ndiyo maana nchi yetu ina sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila tangu tarehe 7 Juni 1966. Sheria ni ya zamani. Kinachokosekana ni watu wa kusema ukweli juu ya mtu wao wenyewe.

Mambo tunayowaomba

Kwanza, msivae fulana kabla ya kusikiliza. Mtu wenu akishtakiwa kwa maneno, subirini pande zote mbili ziseme. Kiongozi anayetangaza siku ya kwanza kwamba "wetu hana kosa" amejifungia mlango mwenyewe.

Pili, mwanzeni aliyeumia. Mwulizeni aliambiwa nini, na kilimuuma wapi. Msiulize kwanza ni wa kabila gani, wala zamani aligombana na nani.

Tatu, tenganisheni mtu na neno. Mnaweza kusema: "Huyu ni mtoto wetu, tunampenda, hatumtupi. Lakini neno alilosema ni baya, na hatutalitetea." Kusema hivyo si kumsaliti. Ni kumfundisha.

Nne, msamaha uende haraka, na uende kwa mkosewa mwenyewe. Wazee wa kijana waende pamoja naye kwa yule mama, wakiwa na dumu lililojaa maji. Msisubiri hasira ipoe yenyewe, kwa sababu kambini hasira haipoi, inahamia kwa watoto.

Na kwako mama uliyetukanwa, tuna neno. Kulalamika si kuchochea vita. Evra alizomewa kwa kulalamika, lakini waliomwacha peke yake ndio waliokuja kumwomba msamaha. Nenda kwa kiongozi, sema, na usirudishe tusi kwa tusi.

Tunawaachia maswali ya kuzungumza leo usiku mkikaa karibu na moto:

Ni neno gani tunalowaita wengine, ambalo sisi tusingekubali kuitwa?

Ni lini mara ya mwisho tulimtetea mtu wetu huku tukijua amekosea?

Ni nani anayengoja msamaha wetu?

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tujaribu kuusikia uchungu wake kabla haujatufikia sisi.  Amani iwe kwenu na kwa majirani zenu.