Mkono Uliolala

Usiku wa tarehe 16 Februari, 2011, ghala za silaha za jeshi zililipuka hapa Gongo la Mboto. Watu zaidi ya 20 walikufa, na mamia wakajeruhiwa. Msiba ule ulisikika mbali sana. Leo twataka kusema nanyi habari ya jeraha lisilosikika hata nyumba ya pili, nalo liliingia kwetu kwa njia ya bodaboda.

Baba wa watoto wetu ni seremala. Jioni moja alikuwa akirudi kutoka Pugu, pikipiki ikateleza mchangani, akaangukia bega la kuume. Mfupa haukuvunjika, wala damu haikutoka nyingi. Walakini mkono ulining'inia kama kamba. Katika zahanati ya kwanza tuliambiwa kwamba umeingia ganzi tu, utaamka wenyewe. Tukangoja, na miezi ile twaijutia hata leo. Sababu yake ni hii.

Shingoni hutoka mizizi 5 ya mishipa ya fahamu, ambayo waganga wa siku hizi huiita neva. Mizizi hiyo hupita chini ya mtulinga, ikasukana, kisha ikashuka mkononi. Mtu aangukiapo bega, kichwa huenda huku na bega kule, na mizizi huvutwa. Mingine hunyoshwa tu, nayo hupona yenyewe. Mingine hukatika, au hung'oka kabisa katika uti wa mgongo. Neva iliyokatika ikaungwa huota tena kadiri ya milimita 1 kwa siku. Toka shingoni hata ncha za vidole ni kama sentimita 75: fanyeni hesabu, mtapata miaka 2 na zaidi. Na msuli uliokaa mwaka na nusu bila neva huwa umedhoofika hata haufai tena. Ndiyo maana wapasuaji hupenda kufanya kazi yao kabla ya miezi 6 kupita. Basi mkono usiojongea majuma machache baada ya kuanguka usingojwe. Mwenyewe apelekwe kwa mabingwa, mathalan katika Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili.

Sisi tuliwafikia wapasuaji katika mwezi wa tano. Walichukua neva zipitazo kati ya mbavu, wakaziunga na neva ya msuli ukunjao kiwiko. Kupasua kulikwisha siku moja. Kungoja ndiko kulikokuwa kazi yetu.

Mkono usiotumiwa hukakamaa, na neva ikifika ikakuta vidole vimekuwa kama kuni, imefika bure. Kwa hiyo, siku za kupumzisha kidonda zilipokwisha, kila asubuhi na jioni tulivikunja na kuvikunjua polepole, kiungo kwa kiungo, kama tulivyofundishwa. Shati nalo lina adabu yake: mkono mgonjwa huingia kwanza, na hutoka mwisho. Lakini hofu yetu kubwa ilikuwa moto. Siku moja aliuegemeza mkono karibu na jiko la mkaa, asihisi kitu. Sisi tulijua kwa harufu. Tangu hapo maji ya kuoga aliyapima kwa mkono mzima, na kila usiku tuliitazama ngozi yake kwa taa.

Ajabu ni kwamba mkono huo usiohisi moto ndio uliomwunguza usiku kucha kwa ndani. Jirani mmoja alisema ni uchawi. La, si uchawi. Tabibu Silas Weir Mitchell wa Marekani aliwaona askari wa namna hiyo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, waliojeruhiwa neva kwa risasi. Wengine waliuweka mkono umeloweshwa maji daima wapate nafuu. Vidonge vya kawaida havifai sana kwa maumivu haya. Tabibu anazo dawa nyingine, na yafaa aambiwe wazi.

Nasi tulikosa jambo moja, ambalo hakuna aliyetuonya juu yake. Tulimkatia nyama, tukamfunga vifungo, tukawajibu wageni kwa niaba yake, hata bei ya milango tukapatana na wateja huku yeye ameketi pale pale. Jioni moja akasema, "Mama watoto, mimi nimeumia mkono, sikuumia akili." Tulinyamaza. Kesho yake tulimrudishia daftari la kazi, akaanza kuandika kwa kushoto, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Kukaa kando na kumtazama akishindana na kifungo kimoja robo saa nzima kulitushinda kuliko kazi zote tulizozitaja.

Katika mwezi wa nane baada ya kupasuliwa, alivuta pumzi kwa nguvu, na msuli wa mkono ukatikisika. Maana neva ile ilikuwa bado yakumbuka kazi yake ya mbavuni. Tukawaita watoto waje waone. Akavuta pumzi tena, ukatikisika tena.

Sasa kiwiko chakunja. Vidole havijaamka, na mabingwa hawakutuahidi kwamba vitaamka. Ubao huugandamiza mezani kwa mkono wa kuume, na msumeno u katika mkono wa kushoto. Mstari wake bado wapinda kidogo, nasi tumekatazwa kuusema mbele ya wateja.