Usanifu Wazi wa Moduli katika Elektroniki za Kijeshi: Mwenye Maungio Ndiye Mwenye Mfumo



1. Utangulizi

Meli, ndege na magari ya kivita hujengwa yatumike miaka 30, 40, hata zaidi. Ndege ya B-52 ya Marekani iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1952, na aina hiyo ingali kazini. Vifaa vya elektroniki vilivyomo ndani ya vyombo hivyo haviendi mwendo huo. Chipu huondoka sokoni baada ya miaka michache, na kiwanda kilichoitengeneza huwa kimeshahamia kwenye kizazi kingine. Jeshi hubaki na chombo kizima chenye kompyuta isiyo na vipuri.

Mada hii inatetea hoja moja: usanifu wazi wa moduli humwezesha mnunuzi kubadilisha sehemu bila kubomoa mfumo mzima, lakini faida hiyo humfikia tu iwapo yeye ndiye mwenye haki juu ya maungio ya mfumo huo.

2. Maana ya usanifu wazi wa moduli

Mfumo wa moduli umegawanywa katika sehemu zinazoweza kutolewa na kurudishwa kila moja peke yake. Huitwa wazi pale ambapo maungio ya sehemu hizo, yaani umbo la kadi, plagi, volti, njia ya data na njia ya kupoza joto, yameandikwa katika kiwango kilichochapishwa ambacho kampuni yoyote inaweza kukifuata. Uwazi huo unahusu maungio tu. Kilichomo ndani ya kadi hubaki siri ya mtengenezaji, na siri za kijeshi hubaki za jeshi. Ni kama soketi ya umeme ukutani: mwenye nyumba hahitaji kujua friji imeundwaje ndani ili aichomeke.

Viwango hivi vina historia ndefu. VMEbus ilitangazwa mwaka 1981, OpenVPX ikaidhinishwa kuwa kiwango cha taifa nchini Marekani mwaka 2010, na toleo la kwanza la kiwango cha SOSA, kinachohusu rada, redio na vifaa vya kunasa mawimbi, likatoka mwaka 2021. Kadi ndogo ya OpenVPX ina milimita 100 kwa 160. Huteleza kwenye reli za kasha, kisha kingo zake hukazwa kwa kabari zinazoishikilia isitikisike na wakati huohuo kupitisha joto kwenda kwenye kuta za kasha. Pini za mwongozo huzuia kadi isiingie nafasi isiyo yake. Fundi aliyefunzwa anaweza kuibadilisha bila kufumua nyaya za chombo.

3. Funzo kutoka kwenye nyambizi

Mfano ulio wazi kuliko yote ni sonari za nyambizi za Marekani. Katikati ya miaka ya 1990, Jeshi la Majini la nchi hiyo lilibaini kuwa nyambizi za Urusi zimekuwa kimya zaidi, na ubora wa kusikia liliokuwa likiutegemea unapungua. Kompyuta za sonari zilikuwa za kijeshi pekee, ghali, na programu zake zilifungamanishwa na mashine zilezile. Kuongeza hesabu mpya ya kuchuja sauti kulimaanisha mradi wa miaka mingi.

Mpango uliojulikana kama A-RCI ulifuata njia nyingine. Haukugusa haidrofoni, yaani vinasa sauti vya chini ya maji, zilizokuwa tayari zimefungwa. Ulibadilisha kinachochakata sauti zake. Vichakataji vya kijeshi viliondolewa, vikawekwa vya soko la kawaida, na katikati likawekwa tabaka la programu linalotenganisha hesabu za sonari na mashine inayoziendesha. Kazi ilianzia kwenye haidrofoni za mkia mrefu unaokokotwa nyuma ya nyambizi, ndipo ikasogea kwenye sehemu nyingine. Tangu hapo programu na mashine zimekuwa zikihuishwa kwa mizunguko inayojulikana, kila moja kwa ratiba yake.

Jambo la pili lina uzito uleule. Vyuo vikuu, maabara na kampuni ndogo vilikaribishwa kuleta hesabu zao. Zilipimwa kwa sauti halisi zilizorekodiwa baharini, na iliyoshinda ndiyo iliyoingia nyambizini. Ushindani ulihama kutoka kwenye kuitwaa kandarasi ya miaka 20 ukaingia kwenye ubora wa kazi yenyewe.

4. Funzo kutoka kwenye magari

Nchi kavu tatizo lina sura nyingine. Kwa miaka mingi kila kifaa kipya kiliingia garini kama sanduku lake, na antena yake, kikuza mawimbi chake, skrini yake na mara nyingi kipokezi chake cha GPS. Paa hujaa antena zinazoingiliana, na askari hukosa nafasi ya kukaa. Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, kupitia viwango vya CMOSS, linataka redio na vifaa vya kuvuruga mawimbi viwe kadi ndani ya kasha moja, vikitumia kwa pamoja antena na vikuza mawimbi. Uingereza, baada ya kuongeza vifaa kwa haraka kwenye magari yake huko Iraq na Afghanistan, ilitoa kiwango cha usanifu wa pamoja wa magari mwaka 2010.

Faida ya kubadilisha sehemu kwa kasi inaonekana katika vita vya Ukraine, ambako tangu 2022 masafa ya redio za droni na mbinu za kuyavuruga vimekuwa vikibadilika mara kwa mara. Redio inayosubiri kandarasi mpya ili ibadilishwe hupitwa na vita.

5. Mitego

Kwanza, jina si uwazi. OpenVPX iliruhusu mipangilio mingi kiasi kwamba kadi mbili zilizofuata kiwango hicho ziliweza kushindwa kufanya kazi pamoja. SOSA ililazimika kuipunguza. Pili, mnunuzi anapoacha kutegemea kampuni moja, jukumu la kuunganisha na kupima humwangukia yeye. Tatu, wauzaji wakiongezeka, ukaguzi dhidi ya chipu bandia na programu hasidi lazima uongezeke. Licha ya mitego hiyo, Marekani iliona usanifu wazi wa moduli haufai kuachwa kwa hiari: sheria ya bajeti ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2017 ilielekeza miradi mikubwa inayoidhinishwa baada ya 1 Januari 2019 ifuate usanifu huu.

6. Mapendekezo

Kwa nchi inayonunua zaidi kuliko inavyotengeneza, napendekeza mambo manne:

(a) Mkataba utaje kiwango kwa jina na toleo, na uipe serikali haki ya kukabidhi hati za maungio kwa kampuni nyingine.

(b) Kabla ya malipo ya mwisho, kadi ya kampuni ya pili ichomekwe na ifanye kazi mbele ya wakaguzi.

(c) Mafundi na wahandisi wa jeshi wafunzwe kuunganisha na kupima, si kuendesha tu.

(d) Kazi ianzie sehemu moja ya mfumo, kama sonari ilivyoanzia mkiani.

La kwanza ndilo msingi wa mengine yote. Haki ya maungio ni nafuu kabla ya kutia saini. Baada ya hapo, muuzaji ndiye mwenye kupanga bei. Naiomba semina hii ipitishe pendekezo hilo la kwanza kuwa azimio lake.