Ngiri Haitibiwi kwa Kufichwa

Wanaume wengi wenye uvimbe kinenani huuficha ndani ya suruali na kuendelea kunywa mizizi. Mara nyingi uvimbe huo ni ngiri, wala si aibu.

Ukuta wa tumbo, ubavuni, una tabaka tatu za misuli. Chini, karibu na kinena, umeachiwa njia nyembamba ya sentimita 4 hivi. Kwa mwanamume, korodani hupita hapo kushuka kutoka tumboni kabla hajazaliwa. Njia hiyo ikilegea, utumbo hupenya. Ndiyo maana uvimbe hutokeza mtu akikohoa au akibeba mzigo, na hurudi akilala.

Mizizi haishoni ukuta uliolegea. Tiba ni upasuaji. Na si lazima uwe wa ghali: mwaka 2016 utafiti uliofanywa Uganda ulionyesha kwamba wavu wa kitambaa cha chandarua, uliotakaswa, ulizuia ngiri kurudi sawa na ule wa bei kubwa.

Lakini uvimbe ukigoma kurudi, ukauma, na mtu akatapika, utumbo umenaswa. Huweza kuoza katika saa chache. Usingoje kupambazuke, nenda hospitali usiku huo huo.