Punda wa Amu na Gharama ya Kumtunza
Hotuba ya Kamati ya Mifugo kwenye Mkutano wa Mwaka





Miaka yote tumekuwa tukisubiri zamu yetu nyuma ya madrasa, zahanati na karo za wanafunzi. Hatulalamiki. Punda naye amezoea kusubiri. Lakini mwaka huu tumeomba dakika chache, kwa sababu jambo tulilo nalo likicheleweshwa halitarekebishika kwa mchango wa mwaka mmoja.

Sisi tunaozungumza ni wafuga punda wa mui wetu. Wengine tuna mmoja, wengine watatu au wanne, na mwenye wengi kati yetu hafikishi kumi. Mkitaja Amu ugenini, watu huwauliza kama ni kweli mji mzima hauna barabara ya magari. Mnawajibu kwa fahari, na mnawaambia kwamba mji wetu wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hizo njia zetu nyembamba, ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima angoje penye baraza, ndizo zinazompa punda kazi. Ndugu zetu mliojenga nyumba kwa pesa za ugenini, kila jiwe, kila gunia la mchanga na kila mfuko wa simiti ulishushwa jahazini ukapanda mgongo wa punda. Ukuta wenu umemfahamu kabla haujawafahamu nyinyi.

Sasa tuseme hatari iliyopo. Nchini Uchina kuna dawa inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda, na mahitaji yake yamekuwa makubwa kuliko punda waliobaki huko. Kuanzia mwaka 2016 machinjio manne ya punda yalipewa leseni hapa Kenya. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilionyesha mwaka 2019 kwamba tangu Aprili 2016 hadi Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa humo, karibu asilimia 15 ya punda wote wa nchi. Huko bara watu waliamka asubuhi wakakuta punda wao wamechinjwa kichakani, nyama imeachwa, ngozi haipo. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana mjini Addis Ababa kusimamisha biashara hiyo barani kote. Tunashukuru. Ila mwenye shida ya karo hasomi maazimio ya Addis Ababa. Akijiwa na mtu mwenye pesa mkononi, atauza.

Na akiuza, hesabu yake ni hii. Punda jike hubeba mimba takriban miezi 12 na huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo hafai kutiwa mzigo mpaka atimize miaka 3, na mzigo kamili ni vizuri ungoje mwaka wa 4. Kwa hiyo anayeuza leo, akitaka kulea mwingine tangu mwanzo, ana karibu miaka 5 ya kungoja. Kuku ukimuuza, mwezi ujao una vifaranga. Punda sivyo.

Tulipowauliza wenzetu kwa nini wanafikiria kuuza, jibu lilikuwa moja: gharama. Ndipo tukakaa chini kupiga hesabu ya kumtunza punda, na tukaona kwamba pesa nyingi hutoka kwa mambo ambayo yangeweza kuzuiwa.

Anza na chakula. Punda wa kwetu ana uzito wa kilo 120 hadi 150 hivi, naye huhitaji chakula kikavu cha kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 2 na nusu hadi 3. Asili ya mnyama huyu ni nchi kame za Afrika ya kaskazini-mashariki. Tumbo lake limeumbwa kupata nguvu katika majani makavu ambayo ng'ombe angeyapita. Pumba ni kitoweo chake, wala si mlo. Punda anayejazwa pumba, mkate uliolala na makombo ya wali wa harusi huumwa na tumbo, na kwato zake huvimba ndani hata asiweze kukanyaga. (Tunajua mnampa kwa mapenzi. Mpeni kidogo.) Pumba zenye ukungu ndiyo sumu kabisa, hata zikiuzwa kwa nusu ya bei.

Asiyelishwa kwake huenda jalalani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na mji umepata nafuu, lakini kamba za nailoni na karatasi za plastiki bado ziko. Zikijikunja tumboni mwa punda, hakuna dawa ya kumnywesha. Tumewazika wengi kwa sababu hiyo.

Majani nayo yako mengi kisiwani. Wengi wenu mliokaa hapa mna mashamba ya minazi ambayo hayajafyekwa tangu marehemu wazee walipotutoka. Baada ya masika nyasi hufika magotini. Zikikatwa kabla hazijakomaa mbegu, zikaanikwa siku mbili tatu na kufungwa mizigo, huhifadhika chini ya paa la makuti hadi kaskazi. Tunaomba ruhusa ya kufyeka. Shamba lenu litakuwa safi, minazi itapumua, na samadi ya punda tutairudisha shinani. Hilo halihitaji bahasha ya mchango, linahitaji neno lenu tu kwa mwangalizi wa shamba.

Maji ndiyo tatizo kubwa kuliko majani. Punda anayefanya kazi juani huhitaji lita 20 au zaidi kwa siku, dumu zima. Kunywa kwake ni kwa haraka, na yakiwa machafu hukataa hata akiwa na kiu. Siku hizi hufanya safari za asubuhi yote ufukoni bila tone, kwa sababu maji yako nyumbani na kazi iko gatini.

Kisha kuna mgongo. Hapa ndipo wafuga punda tunapopoteza siku nyingi za kazi. Kidonda kimoja cha matandiko humweka punda zizini wiki tatu au nne, na hizo ni wiki za kukosa kipato huku yeye anakula. Mfuko wa simiti una kilo 50. Kwa punda wa kilo 150 hiyo ni theluthi ya uzito wake, na hapo ndipo pa kukomea. Anayembebesha miwili ili kuokoa safari moja anaikopa safari hiyo kwenye mgongo, na mgongo hulipisha riba. Matandiko mazuri hayahitaji duka: ni mito miwili ya gunia iliyojazwa usumba na kushonwa pamoja, ikiacha mfereji katikati ili mzigo ukae kwenye mbavu, usiguse uti wa mgongo. Badala ya kamba ya nailoni inayokata ngozi, tumia mkanda mpana wa kitambaa. Kila jioni matandiko yavuliwe, yakung'utwe, mgongo upapaswe. Mkwaruzo ukioshwa kwa maji ya chumvi siku ya kwanza, mara nyingi huishia hapo.

Wahenga walitamka kwamba punda afe, mzigo ufike. Tunawaheshimu wahenga, lakini huyo aliyesema hivyo bila shaka punda hakuwa wake.

Kuhusu maradhi tutasema machache. Jina la pepopunda tunalitumia kwa ugonjwa wa binadamu na tunasahau kwamba punda mwenyewe unamuua. Msumari mmoja kwenye kwato unatosha, na chanjo ipo. Dawa ya minyoo isitolewe kwa mazoea kila mwezi, maana minyoo huizoea. Kinyesi kipimwe kwanza. Tangu 1987, shirika la The Donkey Sanctuary lilipofungua kituo chake hapa Amu, punda wengi wametibiwa bila malipo, na tulichojifunza hapo kimetusaidia kuliko dawa zenyewe. Na alama za moto usoni tuziache. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimlaani aliyemtia punda alama usoni, na yeye mwenyewe alipanda punda aliyeitwa Ufair, akiwa amempakia Muadh bin Jabal nyuma yake.

Kuna ndugu yetu mmoja ambaye kila mkutano hutushauri tulete farasi, kwa heshima ya mji. Tumemsikia. Farasi ni mzuri kumtazama, ila hula mara mbili au tatu ya punda, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na vijidudu virukavyo usiku, ambao huua farasi wengi kati ya wanaoupata. Punda wetu akiupata mara nyingi hata haonekani mgonjwa. Basi heshima hiyo tumwachie mwenye kisima cha mafuta.

Na punda anayetunzwa analipa. Huishi miaka 25, hata 30, na nusu ya miaka hiyo ni ya kazi nzuri. Kati yetu wapo waliosomeshwa na baba mwenye punda wawili, na wengine wao mko nao maofisini huko mliko. Mwisho wa kazi tunawavua matandiko ufukoni na kuwaachilia. Hupita Langoni peke yao, wanajua kila kona, na ukifika nyumbani baada ya sala ya alasiri unamkuta amesimama mlangoni anakutazama kama wewe ndiye uliyechelewa. Siku ya mashindano ya Maulidi, kijana anayemchunga mwaka mzima hupanda mgongo mtupu na kupita mbele ya mji wote, na mama yake hajui pa kuziweka mbinu zake za furaha. Husema shukrani ya punda ni mateke. Ni kweli hupiga teke. Mara nyingi kuna kidonda ambacho hatujakiona.

Tunaomba michango kwa mambo mawili. La kwanza ni hodhi tatu za maji zilizojengwa kwa saruji: moja gatini, moja Langoni, na moja njia ya kuelekea Shela, kila moja na mtu wa kuisafisha. La pili ni mfuko wa mkopo kwa wafuga punda. Mwenye karo au mgonjwa nyumbani atakopa, atalipa kidogo kidogo kila Alhamisi kutokana na kazi ya punda huyo huyo. Sisi kwa upande wetu tumeshaandikiana: mwanachama akilazimika kuuza, atawaonyesha kwanza majirani na kamati, na punda hatapanda chombo cha kutoka kisiwani kabla ya siku 14. Watu 23 wametia saini. Wengine wanangoja waone kama mfuko utakuwepo.

Bahasha ziko kwa mhazini, mezani karibu na mlango. Ukiandika jina la shamba lako nyuma ya bahasha, tutajua tumeruhusiwa kufyeka, na vijana watafika baada ya masika.