Taa Juu ya Mawenzi

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu jioni ya maadhimisho, baada ya arati)

   

Kamati ya maandalizi ilinipa mada ya nuru, na ikanipa dakika kumi na tano. Nadhani walitarajia nizungumzie diya tunazoziwasha usiku wa Diwali, usiku usio na mwezi, na maana ya taa ndogo katika giza kubwa. Hayo pujari wetu amekwisha kuyaeleza vizuri kuliko niwezavyo mimi, ambaye elimu yangu ni ya sekondari, na iliyobaki nilifundishwa na kaunta ya duka. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nisimulie habari ya nuru moja niliyoiona kwa macho yangu katika mlima wetu huu, na ya kosa nililolifanya kwa sababu yake. Kosa hilo sijapata kulisema hadharani. Umri nilionao sasa unanihimiza.

Ilikuwa Januari 1988. Nilikuwa kijana, nimeachiwa na marehemu baba uendeshaji wa duka letu la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Siku hiyo tulipeleka saruji na mabati Mwika, mimi na dereva wetu, Mchagga wa makamo aliyekuwa amemtumikia baba tangu mimi ningali mtoto. Tulichelewa kushusha mzigo, na tulipokuwa tukirudi kuelekea Marangu Mtoni, tairi la nyuma likapata pancha. Ilikuwa yapata saa tano usiku. Mwezi haukuwapo, na mbingu ilikuwa safi kama inavyokuwa mwezi wa Januari, baada ya mvua za vuli kwisha. Migomba ilisimama kimya pande zote mbili za barabara.

Dereva alikuwa amepiga jeki, nami nimeshika tochi, aliponiambia, “Bwana mdogo, tazama juu.” Juu ya Mawenzi, katika anga tupu na mbali kidogo na ncha ya mlima, palikuwa na taa. Ilikuwa nyeupe iliyochanganyika na wekundu, kubwa kuliko nyota yoyote. Haikumetameta. Ilisimama pale kwa muda wote tuliotumia kubadilisha tairi, nasi hatukusikia sauti yoyote. Kisha ikasogea taratibu upande wa Kibo, ikafifia, ikazimika. Dereva alikusanya spana zake akasema, “Nimeona taa. Ni ya nini, sijui.” Tukapanda lori tukaenda zetu.

Ndugu zangu, hayo ndiyo yote tuliyoyaona. Naomba myashike, kwa maana kesho yake asubuhi nilianza kuyaongeza.

Dukani kulikuwa na wateja, na habari ya taa iliwapendeza. Mara ya kwanza nilisimulia kama ilivyokuwa. Mara ya pili taa ilikuwa na ukubwa wa sufuria. Mara ya tatu ilikuwa na duara la moto kando yake. Kufikia mwisho wa juma ilikuwa imetufuata barabarani, na kabla ya kuzimika ilikuwa imesimama juu ya kanisa la kijiji kimoja cha huko juu, ambacho sitakitaja. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa mwenye duka kijana, watu walikuwa wakinisikiliza, na kusikilizwa ni kitu kitamu. Sisi wafanyabiashara tunajua kwamba atakayeongeza maji katika maziwa huanza na kikombe kimoja.

Baada ya siku kama kumi aliingia dukani mama mmoja aliyetoka katika kijiji kile. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, “Mwanangu, wewe ndiye uliyeiona ile taa?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Na ni kweli kwamba ilisimama juu ya kanisa letu?”

Kabla sijajibu alinieleza sababu ya kuuliza. Mwanawe alikuwa amekwenda Mererani kutafuta tanzanaiti, na ilikuwa miezi kumi hawajapata barua wala salamu. Shemeji zake waliposikia habari ya taa walisema kwamba kijana amekufa na ile ilikuwa roho yake ikiaga nyumbani. Walitaka kuweka matanga na kuyamaliza. Yeye mama hakutaka kuamini wala kukataa mpaka amsikie aliyeona.

Dukani walikuwamo watu watano au sita ambao nilikuwa nimewaambia habari ya kanisa kwa kinywa changu. Niliwatazama. Aibu ya kujikanusha mbele yao niliiona kubwa kuliko uchungu wa mama yule. Nikasema, “Ndiyo, mama. Ilisimama.”

Alinishukuru. Kwa adabu yake ya kutotoka dukani mikono mitupu, alinunua robo kilo ya misumari, akaenda.

Dereva alikuwa mlangoni akipakia mabati, naye alisikia yote. Hakunikemea mbele za watu. Jioni, tulipokuwa tukifunga duka, alisema maneno machache: “Bwana mdogo, mimi na wewe tuliona taa. Kanisa hatukuliona.” Kisha akaniambia kwamba Jumapili atakwenda kwa yule mama kusema kweli, nami nikitaka nitafuatana naye, nisipotaka atakwenda peke yake.

Nilifuatana naye. Kabla ya kufika, alichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba akaniwekea mkononi. Majirani zetu Wachagga mnajua uzito wa jani hilo. Kwa vijana wetu wasiojua: anayekuja na jani la isale amekuja kuomba radhi, na ni vigumu sana kumfukuza. Tulikaribishwa ndani. Shemeji zake yule mama walikuwapo, na mbege ilikuwapo. Mimi sikunywa, wakanielewa, nikapewa chai. Nikasimama na jani langu, nikasema kwamba taa niliiona, lakini kanisa niliongeza mwenyewe kwa kupenda sifa.

Nilitarajia matusi, na nilistahili. Yule mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Kwa hiyo hujui ilikuwa nini?”

“Sijui, mama.”

“Basi na sisi hatujui. Tutangoja.”

Matanga hayakuwekwa. Krismasi ya mwaka ule kijana hakuja. Krismasi ya mwaka uliofuata, Wachagga walipokuwa wakirudi nyumbani kutoka pembe zote za nchi kama ilivyo desturi yao, alikuja naye, amekonda, hana hata punje ya tanzanaiti. Hakuandika barua kwa sababu aliona haya kurudi mikono mitupu. Taa ya Mawenzi haikuwa na habari zake hata kidogo. Kama neno langu lingesimama, tungalimlilia mtu aliye hai.

Mtaniuliza, sasa ile taa ilikuwa nini? Nimejiuliza kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilidhani ni Zuhura, lakini nyota hiyo huonekana magharibi baada ya jua kutua au mashariki kabla ya mapambazuko. Saa tano ya usiku katika nchi yetu huwa imekwisha kutua. Nilidhani ni ndege ya kwenda kutua KIA, lakini ndege haisimami angani muda wa kubadilisha tairi. Nilidhani ni tochi za wapandaji, maana wanaokwenda kileleni Kibo huanza safari ya mwisho karibu na saa sita usiku; lakini taa yangu haikugusa mlima. Siku hizi vijana huonyeshana msururu wa vimulimuli vinavyopita angani kwa mstari, navyo ni setilaiti za Starlink. Mwaka 1988 hazikuwapo. Nimebaki na jibu la dereva.

Wala sisi wawili si wa kwanza. Tarehe 19 Februari 1951, ndege ya abiria ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilikuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa asubuhi. Rubani Jack Bicknell, msaidizi wake wa redio na abiria waliona kitu king’aacho kimesimama juu ya Kilimanjaro. Wakakitazama kwa darubini, na rubani akatoa taarifa. Wengine wamesema kilikuwa puto la hali ya hewa, wengine mazigazi ya asubuhi, wengine chombo kutoka sayari nyingine, na mabishano yanaendelea. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba mtu mwenye roho za watu mikononi mwake alisema alichokiona, akawaachia wengine wapime.

Na zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya mlima huu. Mwongozaji wake hakuwa na jina la kitu kile. Akakiita baridi tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, akaandika hivyo. Huko London mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alishikilia kwa miaka kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Yule mwongozaji, kwa neno lake moja, alikuwa karibu na kweli kuliko mwanachuoni mwenye maktaba. Alisema kile ambacho mwili wake ulikijua.

Sasa niwarudishe hekaluni. Majirani zetu huenda hamjasikia kisa cha nguzo ya nuru. Sisi tumekisikia tangu utotoni na pengine tumekizoea mno. Purana zasimulia kwamba Brahma na Vishnu walishindana nani mkuu. Mbele yao ikatokea nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Wakakubaliana: atakayefika mwisho wake ndiye mkuu. Vishnu akajigeuza nguruwe-mwitu akachimba kwenda chini; Brahma akajigeuza ndege akapaa juu. Vishnu alirudi akasema, “Sikuufikia mwisho.” Brahma naye hakuufikia, lakini njiani alikutana na ua la ketaki likianguka kutoka juu, ua la jamaa ya mkadi wa pwani, akaliomba limshuhudie kwamba amefika kileleni. Ndipo Shiva akadhihirika katikati ya nguzo. Aliyekiri kwamba hakufika alipewa heshima. Aliyedai amefika akanyimwa ibada, na ndiyo sababu mahekalu ya Brahma ni machache mno. Na ketaki, shahidi wa uongo, hatumtolei Shiva mpaka leo. Kumbukumbu ya nguzo ile ni jyotirlinga kumi na mbili za Bara Hindi, na ya kwanza ni Somnath, katika pwani ya Saurashtra, pande zile ambako wengi wa babu zetu walikotoka kuja Afrika.

Kwa miaka mingi nilikisikiliza kisa hicho nikijihesabu upande wa Vishnu. Siku ile dukani nilijikuta nimesimama alipokuwa Brahma, na wateja wangu nikawageuza ketaki.

Nayasema haya kwa vijana hasa, kwa sababu kaunta ya leo ni simu. Oktoba 2020 moto ulipoushika mlima, sisi wa mjini tuliona usiku mstari mwekundu juu ya msitu. Kabla ya saa moja kupita, simu yangu ilikuwa imepokea maelezo ya kila namna: volkano imeamka, ni ghadhabu, ni dalili ya mwisho. Wakati huohuo mamia ya watu, askari wa hifadhi, wanafunzi, wapagazi na wanavijiji, walikuwa wakipanda na majembe na matawi kupambana nao. Walioukaribia moto ndio waliojua kwamba ni moto, na kwamba unazimika.

Kwa hiyo mkiona nuru msiyoielewa, itazameni vizuri. Hesabuni muda. Mwulizeni na mwenzenu ameona nini. Kisha semeni mlichokiona mpaka pale kilipoishia, mkomee hapo. Kusema “sijui” hakupunguzi utukufu wa Mungu, na kunaweza kumwachia mama fulani nafasi ya kungoja.

Dereva wetu amekwisha kufariki. Tulimzika katika kihamba chake, nami niliombwa kusema neno kwa niaba ya familia yetu. Nilisema alikuwa mtu wa kweli. Watu waliitikia kwa kichwa, kama ilivyo kawaida ya mazishini. Sikueleza nilijuaje. Leo nimeeleza.

Nawashukuru waasisi wa hekalu hili, wafadhili, akina mama waliopika, na majirani ambao mmekuwa nasi katika harusi na misiba. Tutakapotoka, mlima uko upande wa kaskazini, na mawingu yameanza kutawanyika. Tuutazame kidogo kabla ya kwenda nyumbani.