Maneno ya Mwisho ya Mwanadamu

(Hotuba katika ibada ya kuwakumbuka waliolala, maadhimisho ya miaka 100 ya usharika)

Somo: Luka 23:44–46



Tangu Musoma hadi Bunda, jamaa wakiisha kuzika huulizana: "Alisema nini mwishoni?" Neno la mtu anayekata roho huhesabiwa kuwa zito, kwa maana halirudiwi wala halisahihishwi. Ndiyo sababu wazee, kama Yakobo katika Mwanzo 49, huwaita watoto wao ili kuwabariki na kuwausia.

Butiama liko kaburi linalokumbusha jambo hilo. Mwalimu Julius Nyerere, muumini wa Kanisa Katoliki, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani tarehe 23 mwezi huohuo. Husimuliwa kuwa katika ugonjwa wake alisema kwamba hatapona, kwamba anasikitika kuwaacha Watanzania, na kwamba atawaombea kwa Mungu. Katika maneno hayo hamna mali wala cheo. Mna watu na sala.

Martin Luther naye alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Justus Jonas alimwuliza kama yu tayari kufa akimtegemea Kristo na mafundisho aliyoyahubiri, akajibu, "Ndiyo." Katika karatasi aliyoiacha alikuwa ameandika kwamba wanadamu ni ombaomba, na kwamba hiyo ndiyo kweli. Mwandishi wa vitabu vingi hivyo aliondoka mikono mitupu, akitegemea neema.

Hata hivyo, si kila mtu hupewa nafasi ya kusema. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walikufa, na jamaa zao hawakusikia neno. Wengine hufa usingizini, wengine baada ya siku nyingi bila fahamu. Aliyefiwa namna hiyo asidhani kwamba marehemu wake amepungukiwa. Bwana Yesu msalabani alijikabidhi kwa Baba kwa maneno ya Zaburi 31. Na mikono ya Baba huyo humpokea hata asiyeweza kutamka.

Lakini liko jambo la kuonya. Nyumba zimevunjika na wajane wametolewa mashambani kwa neno la mtu mmoja: "Marehemu aliniambia." Hata kanuni za sheria ya mila za mwaka 1963 hutaka wosia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Basi ampendaye mkewe na watoto wake asingoje kitanda cha mauti. Aandike wosia, amlipe anayemdai, na amwombe radhi aliyemkosea, angali ana sauti. Neno la toba na la upendo linalosemwa leo, likitokea kuwa la mwisho, litatosha.

Amina.